Mdogo wangu amemeza dawa kwa miezi minane, mbona mguu bado unatoa usaha?

Daktari, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Pasua, hapa Moshi, kuhusu mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 27, ambaye kabla ya ajali alikuwa akiendesha bodaboda katika kijiwe cha Kiboriloni. Mwaka jana wakati wa masika, jioni moja alipokuwa akikwepa gari lililohama upande wake, pikipiki iliteleza akatumbukia kwenye mfereji ulio kando ya shamba la migomba, shamba ambalo siku hizo lilikuwa limetiwa samadi. Mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ulivunjika, ncha yake ikatoboa ngozi na kutokeza nje.

Wenzake walimwagia kidonda unga wa dawa ya rangi mbili, wakakifunga kwa fulana, wakamkimbiza kwenye zahanati iliyokuwa karibu. Hapo kidonda kilioshwa juu juu kikashonwa chote, akapewa vidonge, tukaambiwa tumpeleke hospitali. Mimi ndiye niliyeamua tusubiri hadi asubuhi, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na fedha ya gari sikuwa nayo. Hospitali tulifika mchana wa siku ya pili, na alipoingizwa chumba cha upasuaji ilikuwa siku ya tatu. Nyuzi zilipofunguliwa, kidonda kilikuwa tayari kinanuka. Walimsafisha, wakamwekea vyuma vya nje, akakaa navyo miezi minne, kisha akafungwa hogo, yaani plasta ngumu. Picha ya mwisho ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa umeunga, na sisi tukamshukuru Mungu tukidhani yamekwisha.

Wiki chache baada ya hogo kutolewa, kilitokea kitundu kidogo juu ya muundi kikaanza kutoa usaha. Ni miezi minane sasa. Tumenunua amoksilini, kisha ampiklox, kisha siprofloksasini mara mbili, kisha azithromaisini. Kila mara usaha hukauka kwa wiki moja au mbili, kitundu kikajifunga, halafu mguu huvimba na kuuma usiku mpaka kitundu kifunguke tena. Mwezi uliopita kilitoka kitu kigumu, cheupe, mfano wa punje ya hindi. Muuza dawa ametuambia kwamba vidonge vimeshindwa, kwa hiyo tununue sindano za seftriaksoni za siku 14, na jirani yetu ambaye ni muuguzi yuko tayari kumchoma nyumbani. Baba mdogo anasema tusirudi hospitali kabisa kwa kuwa watakata mguu. Yeye anamfahamu mzee mmoja anayeunga mifupa kienyeji.

Daktari, je, tununue hizo sindano? Je, ni kweli kwamba tukirudi hospitali mguu utakatwa? Na tafadhali nijibu bila kunificha: ni mimi niliyemponza mdogo wangu kwa kusubiri usiku ule?

Dada mwenye mashaka, Pasua, Moshi

*

Marahaba, dada yangu, na poleni sana nyumbani. Umeeleza kwa mpangilio ambao wengi wetu tunaofanya kazi wodini tungependa kuupata kila siku. Sijamwona mgonjwa wala picha zake, kwa hiyo neno la mwisho litakuwa la daktari atakayemshika mguu; lakini barua yako ina mambo yanayotosha kunifanya nikujibu swali la kwanza bila kusitasita. Msinunue sindano hizo.

Seftriaksoni ni dawa nzuri, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba inapelekwa mahali isipoweza kufika. Ile punje ya hindi iliyotoka mwezi uliopita ni kipande cha mfupa uliokufa. Mfupa ulio hai hupitiwa na mishipa ya damu kama nyama nyingine yoyote, na dawa yoyote unayomeza au kuchomwa husafiri ndani ya damu hiyo. Mfupa unapovunjika kwa kishindo cha pikipiki, ukapoteza nyama na ngozi nyembamba ya nje ya mfupa iliyokuwa ikiulisha, kisha ukaingiliwa na vijidudu, baadhi ya vipande hukosa damu na kufa. Muundi huathirika zaidi ya mifupa mingine mingi, kwa sababu upande wake wa mbele hauna nyama, una ngozi tu. Katika vipande hivyo vilivyokufa bakteria hujishikiza na kujijengea utando mwembamba unaowakinga dhidi ya dawa na pia dhidi ya askari wa mwili wenyewe. Damu haifiki hapo, kwa hiyo dawa haifiki, hata iwe ya bei gani na hata ichomwe kwa siku ngapi.

Sasa utaelewa ni kwa nini usaha hukauka kisha ukarudi. Vidonge vinawaua bakteria walioko kwenye usaha na kwenye nyama ya kandokando, uvimbe unapungua, kitundu kinajifunga, nanyi mnapata matumaini. Wale waliojificha kwenye mfupa mfu hawakuguswa, na dozi inapokwisha wanaanza upya. Mama yako, kama ana shamba, analifahamu jambo hili kwa jina jingine: mgomba ulioliwa na fukusi chini kwenye shina hauponi kwa kukatwa majani makavu.

Kuna jambo jingine kuhusu sindano hizo ambalo muuza dawa hakulisema. Bakteria anayeongoza kusababisha maambukizi ya mfupa ni *Staphylococcus aureus*, lakini mtu aliyeangukia kwenye mfereji wa maji na samadi, akakaa na kidonda kilichofungwa, kisha akakaa na vyuma vya nje kwa miezi minne, anaweza kuwa na wengine pia, akiwemo *Pseudomonas*. Seftriaksoni haimwezi *Pseudomonas*. Haiwawezi pia wale *Staphylococcus* waliokwisha kuwa sugu kwa dawa za jamii ya penisilini kama kloksasilini. Mnaweza kumaliza siku 14, fedha zikaisha, makalio ya kijana yakauma, na mdudu mwenyewe akawa hakuguswa hata kidogo. Siprofloksasini mliyoitumia mara mbili inanisikitisha zaidi, kwa maana dawa za jamii yake ndizo kwa kawaida zinazobaki za kumeza dhidi ya *Pseudomonas*, na kila dozi inayotolewa kwa kubahatisha inawapa bakteria nafasi ya kuizoea. Kwa utaratibu wa nchi yetu dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Aliyewauzia mara tano bila kuuliza cheti, wala kuuliza mfupa uko katika hali gani, hakuwatendea haki.

Kinachohitajika ni upasuaji kwanza na dawa baadaye, vikifuatana kwa mpango mmoja. Nendeni na kijana kwenye kliniki ya mifupa. Mnaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi, mkapewa barua ya kwenda hospitali ya KCMC, ambako kuna idara ya mifupa. Huko atapigwa picha mpya, pengine na CT kama itahitajika, ili waone mfupa mfu uko wapi na una ukubwa gani, na kama kweli palipounga pameunga kwa uimara. Atapimwa damu, pamoja na sukari, kwa sababu kisukari kisichojulikana huzuia vidonda vya namna hii kupona. Mwulizeni daktari kuhusu jambo moja ambalo familia nyingi hazilitarajii: kama mgonjwa hana homa na hali yake ni tulivu, mara nyingi huagizwa aache antibiotiki zote kwa muda wa wiki mbili hivi kabla ya upasuaji. Lengo ni kwamba vipande vya mfupa vitakavyochukuliwa chumba cha upasuaji na kupelekwa maabara kuoteshwa vitoe bakteria halisi, badala ya majibu matupu kwa kuwa dawa imewalaza kwa muda. Ukimwona mtu anachovya pamba kwenye kitundu na kuita hicho ndicho kipimo, mwulize kwa adabu. Pamba ya juu huokota wadudu wa ngozi na wa nje, ambao mara nyingi sio wale walio ndani ya mfupa. Sampuli za kuaminika ni zile za ndani, kadhaa, zikichukuliwa sehemu tofauti na kila moja kwa kifaa chake safi.

Katika upasuaji wenyewe daktari huondoa mfupa wote uliokufa mpaka afike penye kutoa damu, huondoa pia njia ya usaha na nyama iliyooza, kisha hutafuta namna ya kuziba nafasi iliyobaki. Wakati mwingine nafasi hiyo hujazwa saruji maalumu ya mifupa iliyochanganywa na dawa kama jentamaisini, ambayo hutoa dawa kwa wingi pale pale bila kuitawanya mwilini na kuhatarisha figo na masikio. Wakati mwingine huhitajika kuhamishwa nyama na kupandikizwa ngozi, kwa kuwa mfupa usio na kifuniko kizuri hauponi. Baada ya hapo ndipo antibiotiki inapofanya kazi yake, ikiwa imechaguliwa kwa majibu ya maabara, na kwa kawaida hutumiwa kwa takriban wiki sita.

Msishangae kama wiki hizo sita zitakuwa za vidonge. Watu wengi huku kwetu wanaamini kwamba sindano ni kali na kidonge ni dhaifu, na nadhani ndiyo maana pendekezo la muuza dawa liliwavutia. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza, ukiitwa OVIVA, uliowahusisha wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na maungio. Nusu yao walipewa dawa kwa mshipa na nusu kwa kumeza katika wiki sita za mwanzo za tiba; baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 14.6 ya waliotumia mshipa na asilimia 13.2 ya waliomeza. Kwa maneno mengine, kumeza hakukuwa duni. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa wamefanyiwa upasuaji, na dawa zao zilichaguliwa na wataalamu wa maambukizi. Bila mambo hayo mawili, njia ya kuingiza dawa haina uzito mkubwa kama tunavyodhani.

Kuhusu baba mdogo. Mwambieni, kwa heshima yake, kwamba hofu yake ina asili: wengi tumewaona watu waliopelekwa hospitali wakiwa wamechelewa sana wakarudi na mguu mmoja, na macho hukumbuka mguu uliokatwa kuliko siku zilizopotea kabla yake. Kwa hali uliyoieleza, yaani mfupa uliounga, usaha unaotoka kwenye tundu moja, kukata mguu sio jambo ambalo daktari wa mifupa hulifikiria kwanza. Hata pale mfupa mwingi unapolazimika kuondolewa, zipo njia za kuukuza upya taratibu kwa kutumia pete na waya za nje, njia iliyobuniwa na daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Ni tiba ndefu na yenye maumivu, na sitakudanganya kwamba haina gharama wala kwamba maambukizi hayawezi kurudi, yanaweza. Lakini kinachouweka mguu hatarini zaidi ni kuuacha ulivyo. Mfupa unaendelea kuliwa na unaweza kuvunjika tena kwa kujikwaa tu, maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu, na kidonda kinachotoa usaha kwa miaka mingi, ingawa ni mara chache, kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Yule mzee anayeunga mifupa msimpelekee mguu huu. Kuukanda mfupa wenye usaha ni kuusambaza, na kuufunga kwa kukaza ni kuunyima hata ile damu kidogo iliyobaki.

Sasa swali lako la tatu, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Nitakujibu kwa kueleza kilichopaswa kufanyika usiku ule, kisha utajionea mwenyewe mzigo ni wa nani.

Mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi huhesabiwa kuwa umechafuka tangu dakika ya kwanza. Antibiotiki inayotolewa hapo ni ya kinga. Inawakuta bakteria wakiwa wachache, wakiwa hawajajishikiza wala kujenga ule utando, na mishipa mingi ya damu bado ikifanya kazi. Ndiyo maana saa zina thamani kubwa kuliko ukali wa dawa. Mwongozo wa madaktari wa mifupa wa Uingereza unataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa moja ya kuumia inapowezekana, na uchunguzi wa zamani wa Marekani ulionyesha kwamba wanaoipata baada ya saa tatu huambukizwa zaidi. Kwa kidonda kidogo hutumika dawa kama sefazolini. Kwa kidonda kikubwa chenye nyama iliyopondeka huongezwa dawa ya kuwakabili bakteria wa kundi jingine, kama jentamaisini, au hutumika seftriaksoni, ambayo hapo ina nafasi yake halali. Na palipoingia udongo wa shamba na samadi, kama kwa mdogo wako, mara nyingi huongezwa metronidazoli au penisilini kwa ajili ya bakteria wanaoishi pasipo hewa. Kinga hii haikusudiwi kudumu kwa wiki nyingi: kwa majeraha madogo husimamishwa saa 24 baada ya kusafishwa, na kwa makubwa kwa kawaida haizidi saa 72. Pamoja nayo huenda sindano ya pepopunda.

Na bado dawa peke yake isingetosha, kwa sababu hakuna dawa inayotoa udongo, nyuzi za suruali na nyama iliyokufa. Mwaka 1865, miaka mingi kabla penisilini haijagunduliwa, daktari wa upasuaji Joseph Lister alimtibu huko Glasgow mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni, mfupa wa muundi ukavunjika na ngozi ikachanika, akakifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowekwa asidi ya kaboliki, kemikali inayoua vijidudu, na baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga bila usaha. Mimi hukikumbuka kisa hicho kila ninapoona kidonda kimepakwa unga wa vidonge juu ya matope. Kidonda chenye samadi hutakiwa kufunguliwa chumba cha upasuaji mapema iwezekanavyo, kusafishwa kwa maji mengi ya chumvi ya hospitali, kukatwa kila kilichokufa, na mara nyingi kuachwa wazi au kufunikwa kwa muda mpaka kirudiwe. Kukishona chote kwenye meza ya zahanati bila kusafishwa kwa kina ni kuwafungia bakteria wasiotaka hewa ndani ya chumba wanachokitaka.

Kwa hiyo, dada, usiku ule ulikuwa na saa zilizopotea, ndiyo, na nisingekuwa mkweli kama ningesema hazikuwa na maana. Lakini aliyekuwa na ujuzi wa kujua uzito wa saa hizo hakuwa wewe. Pale zahanati palikuwa na mtu ambaye angeweza kumchoma dozi ya kwanza na pepopunda mara moja, akafunika kidonda kwa bandeji safi bila kukishona, akafunga banzi, akaandika saa ya sindano kwenye barua ya rufaa na kukuambia kwa maneno yanayoeleweka kwamba safari hii haisubiri asubuhi. Hukuambiwa. Uliambiwa umpeleke hospitali, nawe ulimpeleka mvua ilipokatika. Miezi 14 ya kumuuguza uliyoifanya tangu hapo haikufanywa na mtu aliyemponza ndugu yake.

Kama unaweza, nenda pale kijiweni Kiboriloni ukawaambie wenzake, kwa sababu wao ndio watakaofika kwanza kwa majeruhi anayefuata. Wasiurudishe mfupa ndani kwa mkono. Wasimwage unga wa kidonge, mafuta ya taa wala majivu. Kitambaa kisafi kuliko vyote walichonacho, wakibonyeze palipo na damu, wafunge mguu kwa ubao au mwanzi bila kukaza sana, waangalie saa, na waelekee penye chumba cha upasuaji.

Nyumbani, kijana aache sigara kama anavuta, kwa kuwa tumbaku huchelewesha mfupa, na apate mayai, maharage, dagaa, chochote chenye protini mnachokimudu. Kama fedha ndiyo itakayowazuia, ombeni siku hiyo hiyo ya kwanza kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulazwa, wala msisubiri bili ifike. Kama kabla ya siku ya kliniki atapata homa ya kutetemeka, au mguu ukawa mwekundu na moto na kuvimba kwa haraka, au ukauma ghafla akashindwa kuukanyagia, msisubiri kliniki. Mpelekeni kitengo cha dharura saa hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Siku ya kwenda, bebeni picha zote za eksirei tangu ile ya kwanza, karatasi ya upasuaji kama mlipewa, na maganda ya dawa zote mlizonunua, au andika majina yake na tarehe kwenye daftari. Ile punje ya mfupa kama mliihifadhi, ibebeni pia. Haitafaa tena kuoteshwa maabara, lakini daktari akiiona hatahitaji maelezo marefu. Majibu ya maabara yakitoka, niandikie jina la bakteria na orodha ya dawa zinazomuweza, nami nitakueleza maana yake.